Sare Ishirini na Mbili za Kupanda Meli

6 Januari

Kwako Dada,

Salamu nyingi kutoka nyumba hii. Mwaka tumeuanza vizuri. Mwanangu mkubwa ameng'oa jino na sasa anaongea kama mzee wa kikao. Mdogo anakohoa, daktari anasema ni vumbi la ukarabati, maana tumebomoa ukuta wa sebule. Mume wangu anataka mtu akifungua mlango aone nyumba mpaka mwisho. Goti la Mama linaendeleaje?

Nakuandikia barua kwa sababu tangu msiba wa Baba simu zetu zinaisha kwa mmoja kumkatia mwenzake. Barua huwezi kuikata katikati, labda uichane, na wewe huchani kitu kabla ya kukipima.

Sasa la maana. Aprili hii mimi na mume wangu tunatimiza miaka kumi na tano ya ndoa, na tumeamua kusherehekea majini. Si mtumbwi, usije ukaanza. Ni meli ya kitalii, ghorofa kumi na moja, siku saba, ina mabwawa mawili ya kuogelea na ukumbi wa sinema. Tutakuwa watu ishirini na wawili, ndugu na marafiki. Mkurugenzi anayempa mume wangu kazi za barabara atakuja na mke wake, kwa hiyo unaelewa kwamba lazima mambo yawe ya kiwango.

Nataka siku ya kupanda meli wote tuwe na sare, na nataka ushone wewe. Kitambaa nimempa kondakta wa basi la Jumatano: cheupe kizito cha juu, buluu nzito ya chini, na utepe wa dhahabu wa mikononi. Vifungo viwe vya shaba, vyenye nanga. Vitafute popote.

Mama atakuja wiki mbili kabla ya safari. Na baada ya safari tumeona abaki huku moja kwa moja. Chumba chake kiko tayari, kina dirisha la bustani. Miaka sita amekaa kwenye kelele za cherehani zako, anavuta vumbi la nyuzi, anakushonea vifungo kama kibarua. Sikulaumu. Kila mtu ana uwezo wake.

Wewe sikukuweka kwenye orodha kwa sababu Aprili una sare za shule na huwezi kuacha kazi. Nisamehe kama nimekukadiria vibaya.

Mdogo wako,
Kisura

*

29 Januari

Kwako Kisura,

Za huko? Sisi tupo. Goti la Mama linatabiri mvua kuliko redio. Mkanda wa cherehani ya kona umekatika, nimeufunga kwa mshipi wa suruali ya mteja aliyepotea tangu mwaka juzi. Nimepata makoti themanini ya hospitali na aproni za kiwanda cha mikate. Unaona kwamba na wengine wananikadiria, ila wao hutumia tepu.

Hongera kwa miaka kumi na tano. Namkumbuka shemeji siku ya kwanza alipokuja nyumbani kujitambulisha, amevaa koti la kuazima, mkono mmoja mrefu kuliko mwingine. Nilimkunjia mimi, nyuma ya mlango, Baba hajatoka. Siku hizi ana Mkurugenzi. Mungu akitaka kukupa hakuandikii barua.

Kwa mimi kuachwa nchi kavu, usijisumbue kuomba radhi. Mimi na maji hukutana kwenye pasi, inatosha. Watu ishirini na wawili kufungiwa ndani ya chuma kimoja siku saba na kuitana marafiki, hiyo kwangu ni mahabusu yenye muziki. Sare nitashona. Ninyi mkisimama peke yenu hamjulikani ni nani, lazima muwe kundi.

Kuhusu Mama. Nilimsomea barua yako yote, hata pale pa kibarua. Alicheka, akaomba miwani yake, akaendelea na kazi. Kiti chake kiko mlangoni, kopo la vifungo liko mapajani, kila anayepita anamsalimu na kumpa habari za mtaa mzima. Mwanamke huyu alipiga pasi mashuka ya hoteli miaka thelathini akiwa amesimama. Sasa anafanya kazi amekaa, na anaiita pensheni. Atakuja kwenye meli kwa sababu hajawahi kupanda meli na anatamani. Safari ikiisha, tarehe ishirini na moja Aprili umrudishe kwangu. Nyumba hii bila yeye ni karakana tu. Hilo naliomba, na unajua mimi si mtu wa kuomba.

Kitambaa nimekitazama kwenye mwanga. Una hakika na hizi rangi, na huo utepe, na hizo nanga? Niambie umevitoa wapi.

Dada yako,
Mkasi

*

17 Februari

Kwako Dada,

Hatujambo. Ukuta wa sebule umekwisha, kikohozi bado. Barua yako imefika na miiba yake yote.

Umeniuliza kama nina hakika. Dada, nilikuomba mikono, sikukuomba macho. Tangu utotoni kila kitu changu lazima kipite kwako kikaguliwe. Gauni la harusi ulisema linanifanya pipa. Nyumba, siku ya kwanza ulisimama mlangoni ukauliza nani atafagia yote hiyo. Mume wangu mpaka leo unamkumbuka kwa mkono wa koti. Maoni yako ninayo ya kunitosha maisha. Ninachotaka ni nguo.

Ila kwa kukuridhisha, sare nimeitoa kwenye kijarida cha meli yenyewe. Ukurasa huu hapa nimeuchana. Watazame hao watu waliojipanga mistari miwili mlangoni mwa meli, wanavyotabasamu, walivyonyooka. Hao ni watu waliozoea kusafiri, wanajulikana hata kwa kusimama. Nataka na sisi tuwe hivyo hivyo. Mke wa Mkurugenzi ashuke garini akute tumejipanga, ajue kwamba na sisi tumo.

Vipimo vya kila mtu viko kwenye karatasi ya pili. Mke wa Mkurugenzi nimemkadiria kwa macho, ana umbo la Mama, mpe nafasi kidogo kiunoni.

Jambo jingine. Marafiki zetu huku wanajua kwamba Mama ni mwalimu mstaafu. Sijui nani aliwaambia. Akija asianze habari za mashuka.

Kuhusu tarehe ishirini na moja, tutaona. Mama ni mtu mzima. Akishakiona chumba atachagua mwenyewe.

Mdogo wako,
Kisura

*

24 Machi

Kwako Kisura,

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa nakushonea. Tuko salama. Cherehani ya kona imepata mkanda mpya. Mwenye suruali bado.

Nguo zinakuja na Mama, ndani ya sanduku la kijani, kila moja na karatasi ya jina. Ukurasa wako niliubandika ukutani mbele ya mashine, nikafuata picha kishono kwa kishono. Vifungo vya nanga nilikuwa navyo ndani ya kopo. Usiniulize vilitoka wapi, umenikataza kutoa maoni.

Umesema kweli, watu wale wamependeza. Na ninyi mtapendeza vilevile. Kila atakayewaona siku hiyo atajua hapo hapo mnatoka wapi na mnakwenda wapi.

Utakuta sare ishirini na moja. Kitambaa hakikutosha, kwa hiyo Mama nimemshonea gauni lake peke yake, la rangi ya zambarau, kola ndogo, mifuko miwili. Siku ya kupanda avae hilo, si kingine. Asijipange na ninyi kwenye mistari yenu. Mtafutie kiti pembeni, goti lake halitaki foleni.

Lile la mwalimu mstaafu nimemwambia Mama. Ameuliza alikuwa anafundisha somo gani, ajiandae.

Tarehe ishirini na moja, Kisura.

Mkasi

*

2 Mei

Dada,

Watoto hawajambo. Mama hajambo, yuko bustanini.

Nina swali moja. Nitakuuliza mwishoni, baada ya kukusimulia, usije ukasema hukuelewa.

Tulifika bandarini saa nne asubuhi, magari matano. Ukumbi wa abiria una sakafu ya kujitazama, kamba za kupanga foleni, mizani za mizigo na baridi ya kiyoyozi. Masanduku yetu yakachukuliwa kule nje, yakapandishwa. Sisi tukajipanga mistari miwili mbele ya mlango wa kioo, tukimsubiri mpiga picha. Hata kamera hajaitoa, bwana mmoja mwenye kofia ya jua akaja akamkabidhi mume wangu mabegi mawili, akamwambia chumba cha mia sita na kumi na nne, na lile jeusi alibebe taratibu lina chupa. Mume wangu alidhani ni utani wa matajiri, akacheka. Yule bwana hakucheka. Nyuma yake akaja mwanamke anamsukuma mzee kwenye kiti cha magurudumu, akamwelekeza binamu yetu amshike huyo mzee miguu. Haikupita robo saa, mhasibu wa mume wangu ameshikishwa watoto wawili wa watu, dada zake wawili wanaulizwa choo kiko wapi na chakula cha mchana ni saa ngapi. Mmoja wao alijibu, kwa woga, saa saba.

Kisha akatokea msimamizi, mwanamke mfupi mwenye orodha mkononi. Alituuliza tunafanya nini mlango wa wageni wakati wafanyakazi wanapitia nyuma, na zamu imeanza tangu saa mbili. Alikuja mpaka kwangu, akanishika kola, akaninyooshea. Akasema kazini hatuvai hivyo.

Na mlango wa kioo ukafunguka, wakatoka wahudumu wa meli. Mistari miwili. Nyeupe juu, buluu chini, utepe, nanga. Walitutazama, tukawatazama. Mmoja alimpa mume wangu mkono akamkaribisha kazini.

Mkurugenzi alikuwa ameshafika. Alicheka mpaka akashika nguzo. Mke wake hakucheka kabisa, alisema tumebuni vizuri, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Sare zao wawili walizirudisha siku moja kabla, mifuko haijafunguliwa. Mke alikuja na gauni lake la kitani, amepoa kama maji ya mtungi.

Nguo za kubadilisha hatukuwa nazo, masanduku yalikwisha kupanda. Tukapanda meli vile vile. Picha yetu ya ngazini ikabandikwa ukumbini siku zote saba, na chini mtu akaandika kwa kalamu: kikosi cha akiba. Mume wangu tangu turudi haongei. Mkurugenzi akikutana naye anampa begi lake ashike, halafu wote wanacheka, isipokuwa yeye.

Sasa swali. Nguo hizi uliwahi kuzishona kabla ya kunishonea mimi? Ulijua?

Kisura

*

20 Mei

Kwako Kisura,

Sisi, yaani mimi na cherehani, hatujambo.

Barua yako nimeisoma mara tatu, ya kwanza kwa kujua na mbili kwa starehe. Pale pa kola nimepapenda sana. Miaka yote hiyo nakwambia kola yako haikai sawa, ulikuwa unangoja mtu mwenye orodha.

Unaniuliza kama nilijua. Nilikuuliza mimi kwanza, mwezi wa kwanza, kwa adabu, umevitoa wapi. Ukaniambia unataka mikono, hutaki macho. Mikono inajua nini? Inashona. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na wewe bahati yako umevunjika kola tu. Ulitaka ufanane na watu waliosimama mlangoni wanatabasamu, ukafanana nao. Laiti ungetazama usoni mwao badala ya nguo zao, ungeona wale hawatabasamu kwa sababu ya starehe. Mama alitabasamu hivyo hotelini miaka thelathini. Lakini wewe sura ya mtu aliye kazini umeisahau, pamoja na mashuka.

Basi, tumecheka. Sasa mimi nina swali.

Tarehe ishirini na moja Aprili ilipita. Nilikwenda stendi. Nilisimama mpaka basi likateremsha hata kuku, Mama hakushuka. Umeniandikia kurasa nne za msimamizi na nguzo na Mkurugenzi, na Mama umempa mstari mmoja, yuko bustanini.

Juzi alikuja hapa rafiki yako msusi, yule unayemwalika kila mahali ili akusuke njiani. Alileta sare yake niigeuze blauzi. Alikaa kwenye kiti cha Mama akanisimulia yote, na unamjua, yule ukimfunga mdomo ataongea kwa viwiko. Akaniambia Mama siku ile hakuvaa gauni la zambarau. Alivaa sare. Akaniambia Mama alibeba mkoba wa mtu mpaka ghorofa ya saba, na goti lile, na kwamba wewe ulikuwa hatua mbili kutoka hapo, na ulisema neno. Alipofika kwenye neno lenyewe aliacha, akaniomba maji ya kunywa. Msusi kunyamaza, Kisura, si jambo dogo.

Nani alimvalisha Mama sare? Nilikwandikia avae zambarau, si kingine. Na ulisema nini?

Mkasi

*

28 Juni

Dada,

Sitakusalimia, utasema najipendekeza. Barua hii nimeianza mara nne.

Sare aliitaka mwenyewe. Asubuhi ile gauni lako lilikuwa kitandani, limenyooshwa, na yeye amekaa karibu nalo na nguo yake ya ndani. Akauliza ile ya mke wa Mkurugenzi iliyorudishwa iko wapi. Nikamwambia la zambarau limempendeza zaidi, naapa nilimwambia. Akasema hawezi kuwa peke yake rangi nyingine kwenye picha ya watoto wake. Alipunguza mikono mwenyewe, dakika kumi, kwa sindano aliyokuja nayo kwenye kola. Ilimkaa kama yake.

Kule bandarini, zile vurugu zilipoanza, yeye nilikuwa nimempa kiti pembeni. Mke wa Mkurugenzi alipomaliza kusema tumebuni vizuri akageuka akamwona Mama, walikuwa hawajawahi kuonana. Mkoba wa mke huyo ulikuwa mzito. Akaniuliza, kwa upole kabisa, "Huyu naye ni wenu, au ni wa meli?"

Mama alikuwa ananitazama.

Nikasema, "Wa meli."

Sina cha kuongeza hapo. Nilikuwa nimeshaaibika kiasi kwamba niliona aibu moja zaidi haitaingia. Mama akainuka, akaupokea mkoba, akauliza ghorofa ya ngapi. Akaupandisha. Nilimsikia akihesabu ngazi, maana lifti ilikuwa ya wageni.

Siku saba alikula chumbani. Niliwaambia watu mama yangu anaumwa na bahari. Sahani nilimpelekea mimi, asubuhi, mchana na jioni, na kila mara alisema asante kama anavyomwambia mtu asiyemjua. Siku ya kushuka mke wa Mkurugenzi alimkuta kwenye korido akampa bahashishi, kwa ajili ya mkoba. Mama aliipokea kwa mikono miwili. Tulipofika nyumbani akaniwekea mezani, akasema ni yangu, mimi ndiye niliyempatia ile kazi.

Unadhani nimekusimulia hayo yote ili unicheke mara tatu. Nicheke. Lakini kuna jingine, na hili si langu.

Barua yako ya mwezi uliopita nilimsomea Mama. Nilimsomea yote, kama wewe ulivyomsomea yangu. Nilipofika pale ulipoandika kwamba mikono haijui, akaniambia niache, niandike atakayosema yeye, nisibadilishe. Ninaandika kama alivyosema.

"Mwambie Mkasi vifungo nilishona mimi. Miaka miwili nyuma yule wakala alipotuletea kazi ya meli, nilishona vifungo vya nanga mpaka vidole vikaota sugu. Aliposhusha kopo lile lile mwezi wa pili nikajua hizi ni nguo gani. Nikasema moyoni, atamwambia mdogo wake. Leo atamwambia, kesho atamwambia. Nikawa nashona polepole ili apate muda. Mimi sikusema, maana la dada kumwambia mdogo wake si la mama, nami nilitaka nione kama bado ni ndugu. Siku aliponipima gauni la zambarau, mimi peke yangu, nikajua amekwisha kuamua. Alitaka wote wachekwe, mimi nibaki pembeni nimependeza. Sasa mama anayekaa pembeni wanawe wakichekwa ni mama wa nani? Nikavaa. Huyu mdogo alinikana, na nimemwambia alinikana. Lakini yeye alinikana kwa hofu, dakika moja, mbele ya watu. Wewe Mkasi ulikaa na jambo lako mezani wiki nne, unapiga pasi juu yake. Unauliza lini narudi. Sirudi sasa. Huyu hana mtu wa kumwambia kweli. Kazi hiyo ilikuwa yako, ukaiacha. Naifanya mimi, na ni kazi ya kukaa karibu."

Ndivyo alivyosema. Akaniuliza kama nimeandika yote, akataka nimsomee.

Kila siku ananiambia kitu. Jana ameniambia sebule yangu inatoa mwangwi kama stoo tupu. Mume wangu alicheka, mara ya kwanza tangu Aprili. Watoto wameulizwa shuleni bibi yao alifanya kazi gani, wakasema mashuka. Sikuwazuia.

Nakuuliza mara ya pili, Dada, ingawa jibu ninalo. Nataka kwa mkono wako.

Kisura

*

30 Julai

Kwako mdogo wangu, na kwa Mama atakayesomewa,

Shikamoo Mama.

Mimi ni mzima. Mwenye suruali amekuja, baada ya miaka mitatu, anadai na mshipi wake.

Kisura, nilijua. Nilijua kitambaa kilipofunguliwa tu, na ulipoleta ule ukurasa nikajua kwamba wewe hujui, nikafurahi. Nataka uelewe hivyo, nilifurahi. Nilikuwa nakata nguo zenu huku natabasamu peke yangu kama mwendawazimu, nawaza shemeji atashikishwa nini. Nilijiambia ukishaaibika utamrudisha Mama haraka, hutataka shahidi ndani ya nyumba. Mwezi mzima Mama alikuwa nyuma yangu na sindano, na mimi, fundi ninayejisifu naona kishono kilichopinda kutoka ng'ambo ya barabara, sikugeuka kumwona uso.

Nimekudharau muda mrefu, mdogo wangu. Nilidhani ni kwa sababu ya nyumba yako, na mume wako, na hiyo sauti unayoitoa kwa wageni. Nimekaa na barua yako mwezi mzima nikitafuta mahali pa kukudharau zaidi, pale pa mkoba, pale pa sahani. Papo pa kutosha. Lakini kila nikifika hapo nakutana na mimi mwenyewe. Wewe uliulizwa ghafla. Mimi hakuna aliyeniuliza, nilikaa nikapanga. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Mimi nilimtanguliza Mama.

Wakala amerudi. Meli ile imeagiza sare arobaini mpya. Mashati yote yako tayari, yananing'inia ukutani yamefunguka vifua. Vifungo vya mtu mwingine nimevijaribu, nimemweka binti wa jirani kwenye kiti cha mlangoni, anavishona imara, sina la kumlaumu. Siku ya tatu nilimwambia asije tena.

Mama, sikuombi urudi. Tarehe niliyompangia Kisura kama hakimu naifuta. Fanya hiyo kazi, inaonekana unaiweza na mimi nilishindwa.

Ila kuna uongo mmoja umebaki nao niutoe. Nilisema kitambaa hakikutosha. Kilitosha. Kilibaki kipande kizima, nilikificha chini ya meza ya kukatia, hata sijui nilikuwa nakingoja kifanye nini. Wiki hii nimekitoa nikajipima. Nimejishonea sare ya ishirini na mbili, nyeupe juu, buluu chini, utepe mikononi. Nakuja na basi la Jumatano ya wiki ijayo, nitashuka stendi nimeivaa, na nitatembea nayo mtaa wako wote mpaka getini, mchana, majirani wakiwa barazani. Kisura, waite na hao marafiki zako. Mkurugenzi akiwepo na begi lake, mwambie mbebaji amefika.

Shati nimelibana kwa pini. Vifungo sijaweka, nakuja navyo mfukoni, sita. Mama aandae sindano.

Dada yako,
Mkasi